Jinsi ya Kuunda Modeli ya Mtandao wa Mabomba ya Maji kwa EPANET: Mwongozo Kamili kwa Mradi wa Kijiji

Kila mradi wa maji una kitongoji chake cha lawama. Mara nyingi ni kile cha mlimani. Asubuhi ndoo zinapangwa, koki inakohoa upepo, na maelezo hayakosekani: pampu ndogo, bomba limezeeka, au wale wa bondeni wanamwagilia bustani. Kwenye mkutano wa kijiji hoja yenye sauti kubwa ndiyo inayoshinda, kisha hela zinakwenda kwenye pampu mpya ambayo haibadilishi kitu.

Modeli ya kompyuta inakuwezesha kuzipima lawama hizo moja moja kabla hujachimba mtaro. Nitatumia EPANET, programu ya bure ya Shirika la Mazingira la Marekani (EPA). Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1993 chini ya mhandisi Lewis Rossman, toleo la 2.0 mwaka 2000, na la 2.2, ambalo ndilo nakushauri uanze nalo, mwaka 2020. Halihitaji leseni wala kompyuta ya nguvu, na mpakato wa zamani wenye Windows unatosha. Programu nyingi za kulipia za kazi hii zimejengwa juu ya hesabu zilezile.

Mfano tutakaoufuata nimeutunga kwa kuunganisha miradi michache niliyopitia. Kijiji kina watu 3,000. Kisima kirefu kina pampu ya sola inayosukuma maji hadi tenki la mita za ujazo 50 kilimani, na kutoka hapo maji yanashuka yenyewe. Bomba kuu lina mita 850 mpaka njia panda. Pale linagawanyika: tawi moja linakwenda kituoni penye soko na shule, na jingine, la mita 600, linapanda kitongoji cha mlimani. Vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, ni 12 na lawama ni moja: mlimani maji hukatika asubuhi.

Hatua ya 1: Tembea kwanza

Usifungue kompyuta kabla hujatembea njia yote ya bomba na mtu anayeijua. Mtu huyo mara nyingi si mhandisi. Ni mwendesha pampu au fundi aliyekuwepo mabomba yalipolazwa, na michoro ya mkandarasi ikitofautiana na kumbukumbu yake, mimi humwamini yeye mpaka nione kwa macho. Muulize bomba linabadilika ukubwa wapi, valvu ziko wapi, ipi imefukiwa, na wapi pamewahi kupasuka.

Kwa kila kipande cha bomba andika urefu, aina, kipenyo na daraja la presha. Kwa kila makutano na kila kilula andika mahali na mwinuko, na hapo kwenye mwinuko ndipo wengi wanapoharibu. GPS ya simu inaweza kukosea kimo kwa mita kumi na zaidi. Ramani za setilaiti za kupakua bure nazo hukosea kwa mita kadhaa. Kwa kupima umbali hakuna neno, lakini kwenye mradi ambao kilula cha mwisho kinasubiri mita 5 za presha, kosa la mita 6 linafuta matokeo yote. Kama huna mpima mwenye vifaa, kuna njia ya mafundi. Subiri usiku sana, vilula vyote vikiwa vimefungwa na maji yametulia, kisha funga geji ya presha kwenye koki na usome. Bar 1 ni mita 10.2 za maji, kwa hiyo geji ikisoma bar 2.84, koki hiyo iko mita 29 chini ya uso wa maji tenkini. Ukizungusha geji moja kwenye vilula vyote 12 kwa usiku mmoja, utapata miinuko mizuri kuliko ramani yoyote ya bure.

Kwa mfano wetu, sakafu ya tenki iko kwenye mwinuko wa mita 1,248, njia panda 1,221, na kilula cha mlimani 1,232. Tenki likiwa na maji ya kina cha mita 2, uso wake uko 1,250. Mlimani kuna mita 18 tu za kuchezea, na msuguano haujachukua fungu lake.

Hatua ya 2: Vipimo kabla ya mchoro

Ukifungua EPANET kwa mara ya kwanza inakuja na galoni kwa dakika za Kimarekani. Nenda kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya haidroliki, na pale penye "Flow Units" uchague LPS, yaani lita kwa sekunde. Urefu na miinuko vitakuwa mita, na vipenyo milimita. Fanya hivi kabla hujachora hata nodi moja (nukta ya makutano), maana ukibadilisha baadaye programu haitafsiri tarakimu ulizokwisha kuingiza. 66 yako inabaki 66, iwe milimita au inchi.

Papo hapo chagua kanuni ya msuguano. Hazen-Williams, inayoandikwa H-W, inatosha kwa maji ya kawaida na ndiyo iliyozoeleka. Zima pia kipimo cha urefu cha kujiendesha, "Auto-Length", kama unachora kwa macho bila ramani yenye skeli sahihi. Ukikisahau, urefu wa mabomba utatokana na jinsi ulivyoburuta kipanya.

Hatua ya 3: Chora, halafu ingiza kipenyo cha NDANI

Uchoraji wenyewe ni kazi ya saa moja. Kuna vitu vya aina mbili: nodi (makutano, vilula, tenki, chanzo) na viungo (mabomba, pampu, valvu). Si lazima kila nyumba iwe nodi. Weka nodi pale bomba linapogawanyika, linapobadilika kipenyo, penye kilula, na kwenye vilele na mabonde. Vipe majina yanayoeleweka. Ukirudi baada ya miezi sita, NJIAPANDA itakusaidia kuliko N17.

Sasa kipenyo. Bomba la plastiki la HDPE linaloitwa la milimita 75 lina milimita 75 kwa nje. Kwa PE100 (aina ya plastiki) ya PN10 (daraja la presha la bar 10), unene wa ukuta ni milimita 4.5, kwa hiyo ndani inabaki 66. La 50 ndani ni 44, la 63 ni 55.4, na la 90 ni 79.2. Maji hayapiti kwenye ukuta.

Tofauti ya 75 na 66 inaonekana ndogo hadi uipige hesabu. Katika Hazen-Williams, upotevu wa presha unategemea kipenyo kwa kipeo cha 4.87, kwa hiyo bomba la 66 linakula presha zaidi ya lile la kufikirika la 75 kwa asilimia 86. Tuone kwenye mfano wetu, ambako bomba kuu ni la 75 na tawi la mlimani ni la 50, saa ya matumizi makubwa maji yanapopita kwa lita 2.6 kwa sekunde, na C ya bomba (kipimo cha ulaini wake) ikiwa 140. Ukiingiza 75, bomba kuu linakula mita 4.7. Ukiingiza 66, linakula 8.8. Tawi la mlimani, likipitisha lita 0.6 kwa sekunde, linakula mita 1.6 ukiandika 50, na mita 3.0 ukiandika 44. Tenki likiwa na mita 2 za maji, modeli ya kwanza inakupa mita 11.7 za presha mlimani, nawe unalala usingizi mzuri. Ya pili inakupa 6.2. Kosa hili nimelikuta kwenye ripoti zilizogongwa mihuri, na tangu hapo modeli ya mtu mwingine naanza kuikagua hapo.

Hiyo C ni ulaini wa bomba: plastiki mpya 140 hadi 150, chuma cha mabati cha zamani 100 na kushuka hadi 80 au chini.

Hatua ya 4: Mahitaji ya maji, na saa zetu za Kiswahili

Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kwa vijijini lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na koki moja kwa watu 250. Ndiyo maana vilula vyetu ni 12. Watu 3,000 mara lita 25 ni mita za ujazo 75 kwa siku, sawa na wastani wa lita 0.87 kwa sekunde. Ugawe kwenye nodi kufuata watu: mlimani wako 700, basi mahitaji yao ya msingi ni lita 0.20 kwa sekunde. Kama vilula vina dira (mita za kupimia maji) zinazosomwa kila mwezi, achana na lita 25 na utumie dira.

Uvujaji uuweke peke yake. Wengi huongeza asilimia fulani juu ya mahitaji kisha wanaizidisha pamoja na matumizi, kana kwamba tundu la bomba nalo linaamka alfajiri na kulala usiku. Tundu linavuja usiku kucha, na usiku ndio linavuja zaidi kwa sababu presha iko juu. Hapa tuseme mita za ujazo 15 kwa siku, yaani lita 0.17 kwa sekunde bila kupumzika. Ziingize kama mahitaji ya pili kwenye nodi, zenye mpangilio wao usiobadilika.

Matumizi ya watu ndiyo yanayopanda na kushuka. Unatengeneza mpangilio wa saa 24, kila saa na kizidisho chake, na wastani wake lazima uwe 1, yaani jumla 24. Wa mfano wetu ni huu: kuanzia saa 00:00 hadi 05:00 sifuri, kisha 1.5, 2.8, 2.6, 1.6, 1.0, 0.8, 0.8, 0.9, 0.7, 0.8, 1.4, 2.4, 2.6, 2.0, 1.0, 0.6, 0.3, 0.1, 0.1. Kilele ni 2.8, kati ya 06:00 na 07:00. Mara lita 0.87, ongeza uvujaji, unapata zile lita 2.6 kwa sekunde.

Kuwa mwangalifu na saa. Kompyuta inaanza siku usiku wa manane. Sisi tunaianza jua linapochomoza. Niliwahi kufanya kazi na kijana mmoja hodari sana wa kompyuta. Mzee wa pampu alimwambia foleni inaanza "saa kumi na mbili, mwanangu, na saa moja imeshajaa." Kijana akaandika 12 na 13. Tulikaa nusu siku tukijiuliza kijiji gani hiki kinachoteka maji adhuhuri jua likiwa utosini. Siku hizi kwenye daftari la uwandani nina safu mbili, ya saa alizotamka mtu na ya saa za kompyuta.

Hatua ya 5: Tenki, kisima na pampu

Tenki linahitaji mwinuko wa sakafu, kina cha juu kabisa (hapa mita 3), kina cha chini, kina cha kuanzia na kipenyo (mita 4.6). Kwenye toleo la 2.2 unaweza kuliruhusu tenki lifurike likijaa. Liruhusu, utaona faida yake muda si mrefu.

Kisima kiweke kama chanzo kisichoisha, lakini mwinuko wake uwe ule wa maji pampu ikiwa inafanya kazi, si wa maji yaliyotulia. Pampu inahitaji mkunjo wa uwezo wake, yaani mchoro wa presha dhidi ya mtiririko. Ukiwa na nukta moja tu kutoka kwenye kibao cha pampu, EPANET inajaza yaliyobaki: mtiririko ukiwa sifuri, presha ni asilimia 133 ya ile ya nukta yako, na mtiririko wa juu kabisa ni mara mbili yake. Ni makisio. Ukipata mkunjo wa mtengenezaji, utumie.

Pampu ya sola tuiwashe 08:00 na kuizima 16:00, itoe mita za ujazo 11.25 kwa saa. Jua halifanyi hivyo, huanza polepole na kumalizia polepole, lakini kwa jaribio la kwanza inatosha, na jumla ya siku ni mita za ujazo 90, sawasawa na mahitaji pamoja na uvujaji.

Hatua ya 6: Endesha

Anza na hesabu ya saa moja tu, ya kilele. Programu ikilalamika kuwa nodi fulani haijaunganishwa, kuna bomba ulilodhani limegusa nodi na halijagusa. Ikikuonya kuhusu presha hasi, usiipuuze wala usiichukue kama kipimo. Maana yake ni kwamba umeagiza mtandao utoe maji usioweza kuyatoa. Katika hali ya kawaida ya EPANET mahitaji hutolewa kwa nguvu, presha iwepo isiwepo. Toleo la 2.2 lina njia nyingine, inayoitwa PDA, ambapo kilula chenye presha ndogo hupata maji kidogo na chenye sifuri hakipati kitu. Kwa miradi yetu njia hiyo iko karibu zaidi na ukweli. Lakini kumbuka EPANET inayachukulia mabomba kuwa yamejaa maji muda wote. Mji wa maji ya mgao, ambako mabomba yanakauka siku tatu kisha yanajazwa upya, hauigizi sawasawa.

Baada ya hapo endesha saa 72, si 24. Siku ya kwanza inategemea kina cha kuanzia ulichokibuni; siku ya tatu imeshasahau. Fungua grafu ya kina cha tenki.

Kwenye mfano wetu grafu hiyo ndiyo iliyobeba habari. Kuanzia 16:00, sola inapozima, mpaka 08:00 inapowaka, kijiji kinatumia mita za ujazo 50 na mabomba yanavujisha 10. Jumla 60, na tenki ni la 50. Saa 12 asubuhi kumebaki mita za ujazo 8 tu, kina cha nusu mita, na saa moja kasoro dakika nane tenki limekauka. Mchana, kati ya saa nane na saa tisa, tenki hilohilo linafurika. Pampu inatoa maji ya kutosha kabisa, isipokuwa yanamwagika mchana na kukosekana asubuhi. Hoja ya pampu mpya inafia hapo.

Hatua ya 7: Geji dhidi ya modeli

Modeli ambayo haijalinganishwa na uwandani ni mchoro mzuri tu. Chukua geji mbili, uhakikishe kwanza zinasoma sawa zikiwa kwenye koki moja, kisha moja ifungwe njia panda na nyingine mlimani. Mtu mmoja asome dira kuu, mwingine kina cha tenki, wote kwa saa ileile, kwenye kilele cha asubuhi na tena usiku.

Saa 12 asubuhi kwenye mfano wetu, tenki likiwa na nusu mita, modeli inasema njia panda mita 18.7 na mlimani 4.7. Geji ya njia panda inasoma bar 1.8, yaani mita 18.4. Hapo hakuna ugomvi. Ya mlimani inasoma bar 0.1, yaani mita 1. Ukiondoa zile 0.3 za njia panda, mita 3.4 zimepotea ndani ya tawi la mita 600, na dira inathibitisha kuwa maji yanayopita ni yaleyale.

Hapa ndipo kishawishi kinakuja: punguza C ya tawi hilo hadi tarakimu zilingane. Usifanye. Ingebidi uishushe mpaka karibu na 90, na hakuna plastiki ya miaka michache yenye ukwaru huo. Tarakimu inayolazimika kuwa ya ajabu ili modeli ikubali inakuambia kuna kitu ardhini. Fikiria valvu. Mita 3.4 kwa kasi ndogo ile ni mgawo wa upotevu (namba ya kiasi ambacho valvu inakula presha) wa karibu 430, na valvu ya geti iliyofungwa nusu haifiki hata 10. Basi hii imefunguliwa kidogo sana. Mwite fundi mkatembee tena na tawi lote. Chemba imejaa udongo, nyasi zimeota juu, na ndani yake kuna valvu ambayo haijafunguliwa hata mzunguko mmoja tangu matengenezo yaliyosahaulika. Inafunguliwa bure.

Hatua ya 8: Jaribu marekebisho kwa kuhifadhi faili tofauti

Kila wazo lipe faili lake. Faili la INP, ambalo EPANET inasomea modeli, ni maandishi matupu, linafunguka hata kwenye Notepad, kwa hiyo andika juu kabisa tarehe na ulichobadilisha.

Valvu ikiwa wazi, mlimani panapata kama mita 4.4 asubuhi, na mimi kwa kilula sipendi kushuka chini ya 5. Ukibadilisha tawi zima liwe la 63 unaongeza mita 2.0. Ukibadilisha bomba kuu liwe la 90 unaongeza 5.2, lakini ni mita 850 za bomba nene, na vyote viwili havizuii tenki kukauka. Tenki la pili la mita za ujazo 25 kando ya la kwanza linaacha kina cha mita 1.3 saa 12 asubuhi, mlimani panafika mita 5.2, na saa mbili sola inapoamka bado kuna mita za ujazo 15. Kuziba nusu ya uvujaji kunaokoa mita za ujazo 5 kila usiku, kwa gharama ya fundi na viungio.

Mimi ningefungua valvu leo, ningeanza kuwinda uvujaji wiki hii, na bajeti ya mwaka ningeiweka kwenye tenki la pili. Bomba la 63 lisubiri mpaka geji irudishwe mlimani asubuhi moja baada ya hayo yote, saa 12 kamili, na isome chini ya bar 0.5.